Msondo Ngoma: Miaka 60 ya Bendi Iliyozaliwa na Ada ya Mfanyakazi

Usiku wa mbalamwezi, ufukweni Ikola

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa, gizani. Mwezi ukishapevuka taa hazina kazi, maana ziwa lote linang'aa na dagaa hawakusanyiki tena chini ya mwanga wa karabai. Siku hizo nyavu huanikwa, mitumbwi huvutwa juu ya mchanga, na Ikola hupata kitu ambacho mvuvi hakipati mara nyingi: usiku wa kukaa na wenzake. Hapo ndipo redio ya betri ilipokuwa mfalme. Betri zilizochoka zilianikwa juani mchana kutwa ili usiku zipate pumzi ya mwisho, na pumzi hiyo ilitunzwa kwa ajili ya muziki wa dansi kutoka Dar es Salaam.

Bendi iliyosubiriwa kuliko nyingi kwenye redio hiyo imebadilishiwa jina mara tatu. Kwanza iliitwa NUTA Jazz, kisha JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na leo ni Msondo Ngoma. Mwaka 2024 ilitimiza miaka 60. Historia hii imeandikwa kwa kuiangalia bendi hiyo kutoka mbali: kutoka kata ya Ikola, Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, mahali ambapo kufika Mpanda mjini ni zaidi ya kilomita 100 za barabara, na ambapo kwa miaka mingi mgeni mkubwa alikuwa meli ya Liemba ikitia nanga mbele ya kijiji. Kutoka huku mtu haoni jukwaa. Husikia tu, na kwa kuwa husikia tu, hujifunza kuitambua bendi kwa mlio wa tarumbeta kabla mtangazaji hajaitaja.

Kabla ya 1964: vyombo ni vya nani?

Historia ya bendi za Tanzania inaeleweka upesi ukianza na swali moja: vyombo ni vya nani? Gitaa la umeme, spika, tarumbeta na seti ya drams ni mali ambayo mpigaji wa kawaida hakuweza kuinunua kwa mapato yake. Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi, na mwenye bendi ndiye aliyesema nani abaki na nani aondoke.

Kabla ya Uhuru, vyombo vilikuwa vya klabu za dansi. Dar es Salaam Jazz ilianza miaka ya 1930, Morogoro Jazz mwaka 1944, na Salum Abdallah akaijenga Cuban Marimba hapo hapo Morogoro. Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande ilipiga Dar es Salaam ikiwa na jina la watu wa kusini. Sisi wa magharibi nasi tulikuwa na yetu. Mwaka 1959 Iddi Nhende, mtu wa Nzega, aliunda Western Jazz jijini Dar es Salaam, na neno hilo "Western" lilikuwa jina la Jimbo la Magharibi, jimbo ambalo Mpanda ilikuwa sehemu yake. Tabora kulikuwa na Kiko Kids, na Tabora Jazz iliyokuja kumtoa Shem Karenga, mwana wa Kigoma, na wimbo wake "Dada Asha".

Klabu hizo zilikuwa za watu wa asili moja au mji mmoja, waliokutana ugenini wakachangiana. Zilikuwa na upendo mwingi na fedha kidogo. Spika ikiungua, dansi lililala hadi watu wachange tena.

1964: chama kinanunua tarumbeta

Mwaka 1964 ulikuwa wa mitikisiko. Januari askari wa Tanganyika Rifles waliasi. Baada ya maasi kuzimwa, baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa, na shirikisho lililokuwa likiviunganisha vyama hivyo, TFL, likavunjwa. Mahali pake sheria iliweka chama kimoja kwa nchi nzima: National Union of Tanganyika Workers, NUTA. Waziri wa Kazi, Michael Kamaliza, ndiye aliyekuwa pia katibu mkuu wake. Ada ya uanachama ilikatwa moja kwa moja kwenye mshahara, na mwajiri akaipeleka kwa chama.

Hapo ndipo ilipo mbegu ya bendi hii, na naomba msomaji atulie nayo kidogo. NUTA ilikuwa na kitu ambacho hakuna klabu ya dansi iliyowahi kuwa nacho, yaani fedha inayoingia kila mwezi bila kusubiri mlango wa ukumbi. Ilikuwa na haja pia. Chama kipya, kilichowekwa na serikali juu ya mabaki ya vyama ambavyo wafanyakazi walivianzisha wenyewe, kilihitaji kupendwa. Mwaka huo huo wa 1964 kikaunda bendi, kikanunua vyombo vipya, na kikawaajiri wapigaji kwa mshahara.

Kwa mwanamuziki wa wakati ule, mshahara wa mwisho wa mwezi ulikuwa heshima isiyo na mfano. Mpiga gitaa alikuwa mtu anayechekwa na wakwe. Sasa alikuwa mfanyakazi, mwenye mwajiri na siku ya malipo, kama karani na kama fundi wa reli. Haikuwa ajabu basi kwamba NUTA Jazz iliweza kuchukua wapigaji kutoka klabu zilizoitangulia. Miongoni mwa waliokuja ni kijana mmoja wa Kisarawe akitokea Kilwa Jazz, Muhidin Maalim Gurumo. Sauti yake nzito, yenye mkwaruzo wa mtu anayesimulia jambo zito barazani, ndiyo iliyokuja kuwa alama ya bendi.

Ada hiyo ilitoka kwa nani? Ilitoka kwa mfanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam, kwa manamba wa mkonge Tanga, na vilevile kwa mwajiriwa wa reli katika kituo cha Mpanda, mwisho wa tawi lile linalochepuka Kaliua, lililojengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi. Wengi wao hawakuwahi kuingia ukumbi wowote wa Dar es Salaam. Lakini kila tarumbeta ya NUTA ilikuwa na senti zao ndani yake. Mvuvi wa Ikola hakuwa mwajiriwa wa mtu, kwa hiyo hakukatwa kitu. Yeye alilipa kwa betri.

1965–1977: enzi ya NUTA na enzi ya redio

Mwaka 1965 shirika la utangazaji la Tanganyika liligeuzwa kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, chini ya serikali. Bila RTD hakuna historia ya kuandika. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa sahani za santuri, na anayetaka santuri alitegemea Nairobi. Studio ya RTD ikawa ndiyo ghala la muziki wa taifa. Bendi iliingia nzima, ikapanga mstari mbele ya vipaza sauti vichache, ikapiga wimbo kwa pamoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na fundi mitambo akaunasa kwenye utepe. Aliyekosea alikosea kwa wote, na wimbo ulirudiwa. Ndiyo maana nyimbo za enzi hizo zina mshikamano ambao masikio ya leo hushangaa nao: ni watu wanaosikilizana chumba kimoja.

Kutoka kwenye tepu hizo nyimbo zilirushwa katika vipindi vya salamu na vya dansi, Klabu Raha Leo Shoo kikiwa miongoni mwa vilivyopendwa. Mtu wa Ikola aliyetuma kadi ya salamu kwa ndugu yake aliyeko mashambani Morogoro alikuwa akiomba wimbo uisindikize. Kwa njia hiyo bendi ya chama cha wafanyakazi ilifanya kazi nyingine ambayo hakuna kifungu cha sheria kilichoitaja: iliunganisha ndugu.

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, mfano wa NUTA uliigwa kila upande. Polisi walikuwa na bendi, Magereza, Jeshi na JKT vilevile. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikaunda yake, Umoja wa Vijana ukaunda Vijana Jazz, na baadaye Shirika la Bima na hata shirika la mabasi la UDA nao wakanunua magitaa. Klabu za zamani zilibanwa. Western Jazz na Kilwa Jazz ziliendelea kupiga, na kwa ufundi mkubwa, lakini zilishindana na waajiri wenye bajeti. Huo ni upande wa pili wa mafanikio ya NUTA na ni haki kuuandika: fedha ya ada iliwainua wapigaji, na papo hapo ikazifanya bendi zinazojitegemea zionekane maskini.

Utumishi ulikuwa na masharti yake. Bendi ilitumbuiza kwenye shughuli za chama na kueleza sera kwa wimbo: kilimo, vijiji vya ujamaa, umoja wa kitaifa. Zipo nyimbo za namna hiyo zilizosahaulika mara tu mkutano ulipokwisha. Zipo nyingine zilizobaki. Ukisikiliza kwa makini utagundua kuwa kilichobaki ni kile kilichomsema mtu na maisha yake: mke aliyeachwa, mwana aliyepotelea mjini, rafiki aliyegeuka, deni.

Mtindo

Kila bendi ya Tanzania ilikuwa na mtindo wenye jina. Western walikuwa na Saboso, Tabora Jazz Segere Matata. NUTA Jazz walichukua jina la msondo, ile ngoma ndefu inayopigwa unyagoni huko pwani. Jina hilo halikuwa pambo. Katika unyago msondo ndio unaobeba mafundisho: hupigwa wakati mwali anaambiwa mambo ya utu uzima. Nyimbo za bendi hii nazo zilikaa hivyo hivyo. Mtunzi anaanza taratibu, anaeleza kisa, waimbaji wawili watatu wanakipokea kwa sauti za juu na chini, magitaa yakizungukana bila papara. Solo inasema, ridhimu inajibu, besi inatembea kwa hatua za mtu mzima. Kisha, kisa kikishaeleweka, wapuliza wanaingia. Tarumbeta na saksafoni, ambayo wazee waliiita mdomo wa bata, zinapiga kiitikio kifupi kinachorudiwa, tumba zinapanda, na ukumbi mzima unajua kuwa sasa ni chemko na hakuna aliyebaki kwenye kiti.

Joseph Lusungu kwenye tarumbeta na Mnenge Ramadhani kwenye saksafoni ni kati ya waliozipa pumzi nyimbo za enzi hizo. Mwaka 1973 alijiunga mpiga solo Saidi Mabera. Yeye hakuhama. Katika fani ambayo mpigaji hubadili bendi kama mvuvi anavyobadili kambi, kukaa kwake kwa miongo mingi ndiko kulikoifanya bendi ibaki na ule ule mlio hata waimbaji wanapobadilika. Miaka hiyo hiyo alikuja pia Hassan Rehani Bitchuka, mwenye sauti nyembamba inayopanda juu bila kuchubuka. Gurumo chini, Bitchuka juu: mchanganyiko huo ulikuja kuwa shule ya uimbaji wa dansi nchini.

1977–1990: JUWATA, na pengo la 1978

Tarehe 5 Februari 1977 TANU na ASP ziliungana kuwa CCM. Chama cha wafanyakazi nacho kikapangwa upya kama jumuiya ya chama tawala, Jumuiya ya Wafanyakazi wa Tanzania, JUWATA. Bango la bendi likabadilishwa.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja mwaka 1978, na halikutoka kwa wanasiasa. Kampuni ya umma ya teksi na usafirishaji iliunda bendi mpya kwenye baa ya Mlimani Park, ikatoa masilahi bora, na wapigaji wa JUWATA wakaondoka. Gurumo alikwenda, na baadaye Bitchuka akamfuata. Bendi hiyo mpya, Mlimani Park Orchestra, ilichukua kwa mtindo wake jina la ngoma nyingine ya Wazaramo, Sikinde. Mwaka 1983 ikawa mali ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC.

Wapenzi wa upande wetu hawakupenda kulitaja jambo hili, lakini ndilo lililoijenga bendi upya. Waliohama waliacha vyombo, kwa sababu vyombo vilikuwa vya JUWATA. Waliobaki walikuwa na magitaa bila sauti iliyozoeleka. Ilibidi watafutwe waimbaji wapya, na katika miaka iliyofuata akapatikana yule ambaye angekuwa nguzo ya nusu ya pili ya historia hii: TX Moshi William. "TX" zilikuwa herufi za namba za magari ya wataalamu wa kigeni waliokuja nchini kwa mkataba. Mashabiki walimpa jina hilo kwa maana kwamba huyu naye ni mtaalamu. Alikuwa mtunzi wa visa. "Queen Kasse" na "Ajali" ni nyimbo ambazo mtu mzima wa Ikola anaweza kukusimulia kama habari za majirani zake. Pamoja naye walisimama akina Suleiman Mbwembwe na Joseph Maina, na kwa vipindi tofauti Shaaban Dede, aliyepitia Tabora Jazz, JUWATA, Sikinde na Bima Lee.

Ushindani wa Msondo na Sikinde ulianzia kwenye pengo hilo la 1978. Uligawa mitaa ya Dar es Salaam kama mpira unavyoigawa, Msondo wakiwa na ngome yao Amana, Ilala, na Sikinde DDC Kariakoo. Ulifika hadi kwetu bila sisi kuona hata kiingilio kimoja kikilipwa: kwenye mwambao kulikuwa na mitumbwi ya Msondo na mitumbwi ya Sikinde. Nadhani ushindani huo ulizisaidia bendi zote mbili kuliko msaada wowote zilioupata. Kila wiki mmoja alijua mwenzake anatunga nini.

Miaka ya mwanzo wa muongo wa 1980 ilikuwa ya dhiki. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na nchi haikuwa na fedha za kigeni. Nyuzi za gitaa zilitafutwa kama dawa. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977 na haukufunguliwa hadi 1983, kwa hiyo njia ya santuri ya Nairobi nayo ilikatika. Bendi ikategemea vitu viwili tu, ukumbi na RTD.

1991 na kuendelea: OTTU, kisha kujitegemea

Mwaka 1991 sheria iliwatenganisha wafanyakazi na chama cha siasa, na JUWATA ikawa OTTU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Mwanzoni mwa muongo huo Gurumo alirudi nyumbani, akiwa amepitia Mlimani Park na, kuanzia 1985, Orchestra Safari Sound iliyojulikana kwa mtindo wa Ndekule. Kurudi kwake kulikutanisha vizazi viwili kwenye jukwaa moja: mwasisi wa 1964 na TX Moshi aliyeishika bendi wakati hayupo. Wangeweza kugombea kipaza sauti. Badala yake waligawana, na OTTU Jazz ya miaka ya 1990 ikawa na utajiri wa sauti ambao bendi nyingi hazikuwa nao.

Lakini mhimili wa kiuchumi ulikuwa unavunjika. Mashirika ya umma yalibinafsishwa au yakafa, na bendi zao zikafa nayo. Wafanyakazi walipunguzwa kazini, ada ikapungua, na vyama vya kisekta vilipoanza kusimama vyenyewe hakukuwa na sababu tena ya shirikisho kumlipa mpiga tumba. Hatua kwa hatua, hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, bendi ilijikuta inasimama kwa miguu yake, na jina la mtindo likawa jina la bendi: Msondo Ngoma. Hatua hiyo naithamini moyoni. Majina matatu ya nyuma yalikuwa ya waajiri na yalifutwa kila sheria ilipobadilika. Hili la nne lilitoka kwa watu, waliokuwa wakiliita hivyo tangu zamani.

Kujitegemea kulikuwa na bei. Mshahara ulibadilika ukawa mgawo wa mlangoni, na mvua ya Jumamosi jioni ikawa na maana ya njaa ya Jumatatu. Redio binafsi zilizoanza kufunguliwa katikati ya miaka ya 1990 ziliupenda muziki wa vijana, na bongo fleva ikachukua muda wa hewani ambao zamani ulikuwa wa dansi. Kanda zilinakiliwa mitaani kwa maelfu bila mtunzi kuona senti. Sheria ya Hakimiliki ilipitishwa mwaka 1999 na kuzaa COSOTA, ila sheria na mnakili wa kanda wa sokoni hawakukutana mara nyingi. Msondo walijibu kwa njia waliyoijua, kutunga. "Piga Ua" na "Kilio cha Mtu Mzima" zilitoka katika kipindi hiki cha kujitegemea, na zilipigwa kwenye mabasi na vilabu vya pombe kote nchini, wakati wengi walidhani dansi limekwisha.

Uongozi na majukumu

Katika enzi ya NUTA na JUWATA bendi ilikuwa na mabosi wawili. Upande mmoja ni ofisi ya chama, iliyoajiri, kulipa na kuamua safari. Upande wa pili ni kiongozi wa bendi, aliyepanga mazoezi, nyimbo na nidhamu ya jukwaani. Enzi ya kujitegemea iliwarudishia wanamuziki majukumu yote mawili. Mpiga tarumbeta Roman Mng'ande, maarufu Romario, alipuliza na pia alishika usukani wa muziki. Eddo Sanga na Juma Katundu walibeba uimbaji. Mweka hazina akawa mtu anayekaa mlangoni na kuhesabu kiingilio mbele ya wenzake. Ni kazi ngumu kumwambia mwenzako aliyetoka jasho usiku kucha kuwa fungu lake ni dogo, na bendi kadhaa nchini zimevunjika kwa sababu ya mazungumzo hayo tu. Msondo haikuvunjika.

Waliotutoka

TX Moshi William alifariki Machi 2006. Wengi walisema bendi imekwisha siku ile. Mwanawe, Hassan Moshi, alisimama baadaye kwenye jukwaa lile lile na kuimba nyimbo za baba yake.

Mwaka 2013 Gurumo alitangaza kustaafu baada ya zaidi ya miaka 50 ya kuimba. Ilijulikana wakati huo kwamba hakuwa hata na gari la kumpeleka nyumbani, na msanii wa kizazi kipya, Diamond Platnumz, akamzawadia. Gari lile liliwafurahisha watu, nami nilifurahi. Lakini Gurumo alianza kazi kama mwajiriwa wa chama kilichokata ada kwa ajili ya masilahi ya wafanyakazi, na uzee wake ulipaswa kulindwa na kitu imara zaidi ya ukarimu wa kijana mmoja. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Aprili 2014, mwaka ule ule bendi yake ilipotimiza miaka 50. Shaaban Dede alifuata tarehe 6 Julai 2017.

Jedwali la hatua kuu

| Mwaka | Hatua |
|---|---|
| 1959 | Iddi Nhende aunda Western Jazz kwa jina la Jimbo la Magharibi |
| 1964 | NUTA yaundwa kisheria. NUTA Jazz yaanza, Muhidin Gurumo akiwemo |
| 1965 | Radio Tanzania Dar es Salaam yachukua nafasi ya shirika la awali |
| 1973 | Saidi Mabera ajiunga kwenye gitaa la solo |
| 1977–1978 | JUWATA yachukua nafasi ya NUTA. Bendi yawa JUWATA Jazz |
| 1978 | Mlimani Park Orchestra yaundwa. Gurumo na wenzake wahama |
| 1991 | OTTU yachukua nafasi ya JUWATA. Bendi yawa OTTU Jazz |
| Mwanzoni mwa miaka ya 2000 | Bendi yajitegemea kwa jina la Msondo Ngoma |
| 2006 | TX Moshi William afariki |
| 2013 | Gurumo astaafu |
| 2014 | Miaka 50 ya bendi; Gurumo afariki |
| 2017 | Shaaban Dede afariki |
| 2024 | Miaka 60 |

Huduma za bendi, na alichopata mtu wa Ikola

Msondo iliburudisha, ilifundisha vijana kupuliza na kupiga gitaa, ilisindikiza harusi na maombolezo. Ilikuwa chuo pia: ukiondoa waliopita NUTA na JUWATA, Sikinde yenyewe isingepata waasisi wake, wala Ndekule isingempata Gurumo.

Kwetu huku huduma ilikuwa lugha. Mwambao wa Tanganyika una Wabende, Wafipa, Watongwe, Waha, Wabembe waliovuka kutoka Kongo, na Warundi waliokimbia nchi yao mwaka 1972. Kiswahili cha sokoni kilitosha kuuziana migebuka na mihogo. Kiswahili cha kumwambia mtu kwamba umeumia, kwamba umesamehe au hujasamehe, wengi walikipata kwenye nyimbo za dansi. Mwanamume asiyejua kuandika barua kwa mkewe alitaja jina la wimbo kwenye kadi ya salamu, na mke akaelewa.

Tepu za RTD bado zipo Dar es Salaam, na nyimbo zilizorekodiwa humo sasa zimo kwenye simu za vijana. Viwanja vya TCC Chang'ombe vimeshuhudia mara kadhaa Msondo na Sikinde wakipanda jukwaa siku moja, mashabiki wenye mvi wakiwa wamegawanyika pande mbili kama zamani. Ikola, mwezi ukipevuka, karabai zimepungua na taa za sola zimeingia mitumbwini, lakini dagaa hawajabadilika: usiku huo bado hawavuliwi. Nyavu zinaanikwa. Mtu anachomeka simu kwenye spika ndogo, anatafuta JUWATA, na kabla Gurumo hajafungua kinywa mzee mmoja aliyekaa juu ya mtumbwi ameshasema ni wimbo gani.